Jina katika daftari: Kwa nini wengine huogopa zahanati kuliko ugonjwa

WAHENGA walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa zaidi ya miaka 30 methali hiyo imetumiwa katika mabaraza ya machifu, makanisani, misikitini na redioni kuwahimiza Wakenya wajitokeze kupimwa virusi vya HIV. Ni methali yenye busara. Hata hivyo, inamlaumu anayeficha bila kuuliza anamficha nani, na akijulikana atafanywa nini.

Swali hilo ndilo kiini cha mvutano ambao umekuwa ukiendelea nchini, mahakamani na katika vituo vya afya, tangu Bunge lipitishe Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi mwaka 2006. Mgonjwa wa kawaida jina lake likiandikwa katika daftari la kliniki, huhofia jirani, mwajiri au wakwe. Kwa mwanamke anayefanya biashara ya ngono, kijana anayejidunga heroini au mwanamume anayeshiriki mapenzi na mwanamume mwenzake, daftari lilo hilo linaweza kusomwa kama hati ya mashtaka. Humo huandikwa ugonjwa na pia njia iliyouleta, na hilo la pili laweza kumfikisha kizimbani.

Ikumbukwe kwamba tatizo la leo si lile la miaka ya 1990. Mgonjwa wa kwanza aligunduliwa nchini mwaka 1984, na Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa za matajiri. Bei zilishuka baada ya kampuni za India kuanza kutengeneza dawa zizo hizo kwa gharama nafuu. Aprili 2012, Mahakama Kuu ya Nairobi ilizilinda dawa hizo ilipoamua, katika kesi iliyowasilishwa na Wakenya 3 waliokuwa wakiishi na virusi, kwamba sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya 2008 haiwezi kutumiwa kuzizuia.

Siku hizi wagonjwa wengi humeza tembe 1 kwa siku. Anayeimeza vilivyo hadi virusi visionekane katika vipimo vya damu hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Zaidi ya Wakenya milioni 1.3 wanaishi na virusi hivyo, na wengi wao wanalima, wanafunza, wanaendesha matatu na kulea watoto kama watu wengine. Basi leo kizuizi, kwa mtu anayelemewa na Ukimwi, aghalabu huwa mahali fulani kati ya nyumba yake na dirisha la dawa.

Kizuizi hicho hakijagawanywa sawa. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2010 na 2011 ulionyesha kwamba asilimia 29.3 ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono walikuwa na virusi. Miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya kiwango kilikuwa asilimia 18.3, na miongoni mwa wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume, asilimia 18.2. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliweka kiwango cha watu wote wa umri wa miaka 15 hadi 64 kuwa asilimia 5.6. Takwimu hizo za makundi ni za kale, na jaribio la kuzikusanya upya lilizua mzozo ambao utaelezwa hapa chini.

Sheria yenye meno, na jino moja baya

Sheria ya 2006 ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 13 kinapiga marufuku kumlazimisha mtu kupimwa, au kukifanya kipimo kuwa sharti la kupata kazi, kufunga ndoa, kuingia shuleni, kusafiri, kutibiwa au kukata bima. Kifungu cha 18 kinayafanya matokeo kuwa siri. Kifungu cha 22 kinataka idhini ya maandishi ya mhusika kabla ya hali yake kufichuliwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kifungu cha 36 kinakataza vituo vya afya kumbagua mtu kwa sababu ana virusi, na kile cha 37 kinakwenda hadi makaburini, kwani kinakataza kumnyima marehemu huduma za maziko kwa sababu hiyo. Anayekumbuka jinsi maiti zilivyofungwa kwa karatasi za plastiki na kuzikwa harakaharaka katika miaka ya mwanzo ya janga hili ataelewa kwa nini wabunge waliona haja ya kuliandika hilo.

Aidha, sheria hiyo iliunda jopo maalumu la kusikiliza malalamishi ya watu waliobaguliwa au waliotolewa siri. Jopo hilo lina wanachama 7, wakiwemo mawakili na madaktari, na linaweza kuamuru mlalamishi alipwe fidia, hata kwa kuvunjiwa heshima tu. Jambo dogo lakini la maana ni kwamba maamuzi yake huwataja wahusika kwa herufi za kwanza za majina. Mahakama ya kawaida inayomtaja mlalamishi kwa majina yake 3 humtendea kosa lilelile analolalamikia.

Lakini ndani ya sheria hiyohiyo kulikuwamo kifungu cha 24. Kilimtaka anayejua ana virusi amwarifu yeyote ambaye "wamekutana kimwili", na kikamruhusu daktari, katika hali fulani, kumwarifu mtu huyo bila idhini ya mgonjwa. Adhabu ya kukaidi ilikuwa faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka 7, au vyote viwili. Machi 2015, Mahakama Kuu ilikibatilisha. Majaji walisema sheria haikueleza kukutana kimwili ni nini, hivyo mwananchi hangeweza kujua lini amevunja sheria, na kwamba kifungu hicho kiliingilia haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba.

Wapo walioona uamuzi huo kama kibali cha kuambukiza. Hoja hiyo ina mvuto, ila inasahau jinsi mtu anavyojua hali yake. Hakuna anayezaliwa akijua. Sheria ikimwadhibu anayejua na kumwacha asiyejua, imempa kila mtu sababu ya kutopimwa. Nao wa kwanza kujua huwa ni wanawake, kwa kuwa mama mjamzito hupimwa kliniki ilhali mumewe yuko kazini. Ndiyo maana mwaka 2018 watetezi wa haki walirudi mahakamani kupinga kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, ambacho kinaadhibu kuambukiza kwa makusudi kwa kifungo kisichopungua miaka 15. Safari hiyo walishindwa. Mahakama Kuu ilikataa ombi lao mnamo Desemba 2022, na kifungu hicho kikabaki.

Orodha, vidole na uvumi

Kabla wino wa mzozo wa kifungu cha 24 haujakauka, serikali ilikuwa imezua mwingine. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti, wakishirikiana na maafisa wa elimu na afya, kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani serikali ijue wa kusaidiwa ni akina nani. Fomu zilizotumwa, hata hivyo, zilikuwa na nafasi ya jina.

Mtu asiyeishi na virusi anaweza kushangaa ni nini kibaya katika hilo. Kamishna wa kaunti si daktari. Yeye ni mkono wa utawala, na chini yake wamo machifu na manaibu wao, watu wanaojua kila boma. Orodha ikipita katika mikono hiyo haina njia ya kurudi kuwa siri. Mnamo Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto, ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa namna ambayo haitamhusisha mtu na hali yake.

Mzozo wa tatu ulihusu vidole. Serikali na wafadhili walipopanga uchunguzi mpya wa makundi yaliyo katika hatari kubwa, kulitolewa pendekezo la kuwatambua washiriki kwa alama za vidole. Kitaalamu lilikuwa na mantiki, kwa sababu mtu mmoja anayehudumiwa katika vituo 3 huhesabiwa mara 3 na kuharibu takwimu. Wahusika wenyewe walipoulizwa, walikataa. Alama ya kidole haibadiliki. Ndiyo iliyo katika kitambulisho cha taifa, na ndiyo polisi wanayoitumia. Msimbo wa herufi na tarakimu, ambao miradi mingi ilikuwa ikiutumia badala ya jina, ukivuja unaweza kubadilishwa. Kidole hakina cha kubadilishwa nacho. Pendekezo hilo liliwekwa kando, na ripoti iliyoeleza kisa hicho ilitolewa mwaka 2018.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Februari 2010, umati ulivamia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (Kemri) mjini Mtwapa, Pwani, kilichokuwa kikitoa huduma za HIV, wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume wakiwa miongoni mwa waliohudumiwa. Kilichowasha moto ni uvumi kuhusu harusi ya wanaume wawili, na matamshi ya baadhi ya viongozi wa dini waliotaka kituo kifungwe. Huduma zilikatizwa. Inafaa kutafakari umati huo ulikuwa umefika wapi. Wale wanaume wangeweza kuwa popote mjini, lakini mahali palipojulikana kwa hakika kuwa wanaweza kupatikana ni hospitalini.

Kisa cha Ukunda, Kaunti ya Kwale, ni kizito zaidi kwa sababu waliohusika ni maafisa wa serikali. Mwaka 2015 wanaume wawili waliokamatwa huko walipelekwa katika hospitali ya umma mjini Mombasa. Huko walikaguliwa sehemu za siri kwa nguvu ili kupata ushahidi wa kesi, na damu yao ikatolewa kupimwa HIV. Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema mwaka 2016 kwamba hakukuwa na kosa. Mahakama ya Rufaa iliugeuza uamuzi huo Machi 2018, ikasema ukaguzi wa aina hiyo unakiuka haki na utu wao. Katika kipindi hicho cha miaka 3, mwanamume yeyote wa Pwani mwenye maisha kama hayo alikuwa na kila sababu ya kujiuliza ikiwa koti jeupe la daktari ni la kumtibu au la kumshtaki.

Kesi kubwa kuliko zote ilihusu vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyoachwa na wakoloni, ambavyo adhabu yake inafika kifungo cha miaka 14. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilivihifadhi. Kuhusu afya, majaji walisema walalamishi hawakuleta ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba walinyimwa matibabu. Kisheria, mzigo wa kuthibitisha ni wa anayelalamika, na hapo mahakama haikukosea. Ugumu ni kwamba anayeikimbia zahanati kwa kuogopa kujulikana hawezi kuwa huyo huyo atakayetia sahihi hati ya kiapo kueleza alichokikimbia. Rufaa iliwasilishwa. Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba watu hao wana haki ya kusajili shirika, uamuzi uliozua kelele nyingi za kisiasa, lakini haukugusa vifungu hivyo vya adhabu.

Kikombe cha methadoni na selo ya polisi

Kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, kikwazo ni kidogo zaidi kwa umbo, yaani pakiti ya kondomu. Sheria inaadhibu anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na sheria ndogo za miji zimekuwa zikiadhibu kuzurura kwa nia hiyo. Ripoti ya mwaka 2012 ya wakfu wa Open Society, iliyochunguza nchi 6, Kenya ikiwemo, ilionyesha jinsi polisi walivyozitumia kondomu kuwakamata au kuwatisha wanawake. Wizara moja inazigawa bure, askari wa nyingine anazihesabu kuwa ushahidi. Ajabu ni kwamba wanawake haohao wa Majengo, Nairobi, ndio waliotoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, kuanzia miaka ya 1980. Sehemu ya yale dunia inayoyajua kuhusu kinga ya mwili dhidi ya HIV ilitoka kwao, na marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyefanya kazi nao, alionyesha kwamba wakipewa heshima na maarifa, hujilinda.

Mfano unaoeleza vyema zaidi jinsi haki inavyofanya kazi ya dawa ni wa wanaojidunga heroini. Virusi huenea miongoni mwao kwa kasi kwa sababu ya kushiriki sindano, na sindano hushirikiwa hasa pale ambapo kukutwa nayo ni hatari. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 kwamba itagawa sindano safi, viongozi wengi wa dini katika Pwani walipinga, wakisema ni sawa na kumpa mwizi ufunguo. Wengine walibadili msimamo baadaye, hasa baada ya kuzika vijana wa mitaa yao.

Desemba 2014, hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini mwilini bila kumlewesha mtu. Malindi na Mombasa zilifuata mwaka 2015. Methadoni hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu, katika kikombe kidogo. Huo ndio uzuri wake. Mtu ambaye hakuwa na saa wala ratiba sasa anafika mahali pamoja kila asubuhi, na hapohapo anaweza kupimwa HIV, kifua kikuu na homa ya ini, na kupewa tembe zake za kupunguza makali ya virusi. Wanaozijua mitaa ya maskani wanajua hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake uko palepale penye uzuri. Mtu huyo akinaswa katika msako wa polisi na kulala selo siku 2 au 3, hapati methadoni. Arosto humshika, kama watu wa Pwani wanavyoyaita maumivu ya kukosa dawa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo chake hulazimika kupunguzwa na kuanza kupandishwa upya, kwa sababu mwili umepoteza mazoea na kipimo cha awali kinaweza kumuua. Tembe zake za HIV nazo zimekatizwa. Akitoka, heroini iko karibu kuliko kliniki. Ofisa aliyemkamata hakuvunja sheria yoyote, lakini amebomoa kazi ya miezi.

Lugha nayo ina mkono wake. Magazeti na vijiwe vimezoea kumwita mtu huyo teja, na aliye na virusi huambiwa amekanyaga waya au ana mdudu. Maneno hayo hutamkwa kwa utani. Muuguzi anayeyatamka kwenye foleni, hata bila nia mbaya, amekwisha kusoma daftari kwa sauti.

Milango iliyofungwa 2025

Kwa muda mrefu Kenya ilizunguka tatizo hili kwa njia ya pembeni. Badala ya kuibadilisha hospitali ya umma, wafadhili, Marekani wakiongoza, waliwalipia watu wa makundi haya vituo vidogo vya kando, vyenye wahudumu waliozoea kutouliza maswali yasiyo ya tiba. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kibali kilichofuata kiliruhusu matibabu ya kuokoa maisha, lakini dawa za kumkinga asiye na virusi ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Vituo vya kando vikaanza kufungwa, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likakoma kuendesha miradi yake.

Wagonjwa waliambiwa waende hospitali za serikali, ambako kliniki za HIV zenyewe zilikuwa zikiunganishwa na huduma nyingine. Kuunganishwa huko kuna faida yake, kwa kuwa jengo la peke yake, lenye benchi linaloonekana na kila apitaye, lilikuwa tangazo tosha. Anayepanga foleni moja na mgonjwa wa kisukari hajulikani amefuata nini. Lakini foleni hiyo ina karani mpya, mlinzi mpya na daftari jipya, na mtu aliyechukua miaka kumwamini mhudumu mmoja anatakiwa aanze upya na 5. Sindano ya kinga ya lenacapavir, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2025 na ambayo hudungwa mara 2 tu kwa mwaka, ingewafaa hasa watu hawa, maana haina kopo la tembe linalotoa sauti mkobani. Hata hiyo itahitaji mtu aingie mlangoni kwanza.

Suala la daftari lilirejea kwa umbo kubwa zaidi mwishoni mwa mwaka huo. Desemba 2025, Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba wa afya wa miaka 5, ambapo Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6. Kabla mwezi kwisha, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu zinazohusu kupeana data za afya za Wakenya, kufuatia ombi la watetezi wa watumiaji bidhaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaja hali ya afya ya mtu, pamoja na mwelekeo wake wa kimapenzi, kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada.

Kwa anayetembelea kituo cha afya leo, sheria ya 2006 ingali inampa haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutoa damu: ni kipimo gani, ni nani atakayeona matokeo, na yatahifadhiwa wapi. Akilazimishwa kupimwa, akifukuzwa, au siri yake ikitolewa, anaweza kulalamika kwa jopo, naye atatambulishwa kwa herufi tu.